Bakuli Chini ya Msalaba

Mwaka jana, kwenye semina ya shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, nilionyesha picha ya kaburi la bibi yangu na nikadanganya.

Picha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Msalaba wa zege unaofika kiunoni mwa mtu mzima, umepakwa chokaa, na nyuma yake mteremko wa Mchuchuma, wilayani Ludewa, unashuka hadi kupotelea kwenye ukungu. Mada yangu ilikuwa sanamu za makaburini Afrika Mashariki, nami nilitaka kuwa na mfano mmoja wa nyumbani. Mwanafunzi mwenzangu akanyoosha mkono. "Hilo bakuli hapo chini," akauliza, "mafundi walilisahau?"

Kweli, pembeni mwa picha, pale msalaba unapokutana na kaburi, lilionekana nusu ya bakuli la bati, jeupe lenye ukingo wa buluu, limezama kwenye saruji hadi karibu na mdomo. Nilikuwa nimeikata picha lakini sikuikata vya kutosha.

"Ndiyo," nikasema. "Mafundi." Nikabonyeza ije picha inayofuata.

Mafundi hawakusahau kitu. Ni shangazi yangu aliyesema bakuli liwekwe pale, saruji ikiwa bado mbichi, na fundi alilizungushia mwiko taratibu kuliko alivyofanya kwenye mikono ya msalaba. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika ndoo ya maji. Makala hii ni jibu ambalo ningempa mwenzangu siku ile kama nisingeona aibu.

Bibi alizikwa nyumbani, kando ya migomba, si kwenye makaburi ya kanisani. Kwa mwaka mzima kaburi lake lilikuwa tuta la udongo lenye msalaba wa mbao na jina lililoandikwa kwa rangi ya mafuta. Anayetoka nje atadhani ni umaskini, kwamba familia ilikuwa inatafuta hela ya saruji. Hela ilitafutwa kweli, lakini hata mwenye hela husubiri. Udongo lazima ukae, maana ukijengea juu ya udongo usiotulia kaburi litapasuka. Na wazee wanasema hivyo hivyo kuhusu aliyelala chini: naye lazima akae. Katika mwaka ule wa kwanza marehemu bado hajajua aende wapi, na waliobaki bado hawajajua wamwite nani. Nyumbani waliotutangulia huitwa mahoka. Mtu hawi hoka siku ile ile anayokata roho. Anafikishwa huko, na wanaomfikisha ni watu.

Siku ya kusimika msalaba ndiyo siku hiyo. Ukoo ulikuja kutoka Njombe, Makambako na Songea, wengine kwa basi linalopita barabara ya zege ya Lusitu, wengine kwa bodaboda kutoka Ludewa mjini. Alikuja fundi na mifuko minne ya saruji, nondo na fremu za mbao. Wajukuu tulisomba mchanga. Alipofika kwenye maandishi, fundi aliandika kwa msumari kwenye saruji mbichi: jina, mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa kwenye kadi ya kupigia kura, siku ya kufariki, na maneno ya kumwomba Mungu ampe pumziko. Ndipo shangazi alipotoka jikoni na bakuli. Lilikuwa la bibi mwenyewe, lile alilonywea togwa. Hakuomba ruhusa kwa baba mkubwa, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya. Alimwambia fundi tu: "Hapa."

Fundi, ambaye bila shaka alishafanya kazi kama hiyo kwingine, hakuuliza neno. Alichimba kwa mwiko, akaliweka, akalisawazisha. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa hadi miaka baadaye: alichora mfereji mwembamba kwenye shina la msalaba, kuanzia pale mikono inapokutana hadi kwenye mdomo wa bakuli.

Kesho yake padre alikuja kubariki. Alisali, akazunguka kaburi, akanyunyiza maji ya baraka. Yale yaliyoupata msalaba yakashuka na mfereji yakaingia kwenye bakuli. Padre aliona. Sote tuliona. Hakuna aliyesema kitu, na wimbo ukaendelea. Shangazi akaniinamia sikioni: "Ameanza kunywa."

Kwenye andiko la semina niliyaita makaburi ya namna hii "mchanganyiko wa imani". Maneno hayo yanapendwa sana kwenye maandishi ya sanaa ya Afrika. Unaonyeshwa msalaba, unaambiwa huu ni Ukristo. Unaonyeshwa bakuli, unaambiwa hii ni mila. Halafu mwandishi anajumlisha, kama mpishi anayetaja viungo vya mchuzi. Siku hizi nayaona maneno hayo kuwa uvivu, na naanza na uvivu wangu mwenyewe. Ukilitazama kaburi la bibi kama kitu kilichotengenezwa kwa mikono, huoni vitu viwili vilivyowekwa jirani. Msalaba unalilisha bakuli. Bila mfereji ule, bakuli lingekuwa chombo kilichosahauliwa juu ya kaburi, kama mwenzangu alivyodhani. Bila bakuli, mfereji ungekuwa kosa la fundi. Mvua ikinyesha Ludewa, nayo hunyesha kwelikweli, maji yanatoka kwenye mikono ya msalaba yanakwenda kwa bibi. Fundi alitatua kwa mwiko jambo ambalo mimi nilishindwa kulisema kwa kurasa kumi na mbili.

Kosa la pili la neno "mchanganyiko" ni kwamba linaufanya Ukristo uonekane mgeni aliyefika jana. Wamisionari wa Berlin walifika nyanda hizi za juu kusini katika miaka ya 1890. Vita vya Majimaji vilipofika Ubena mwaka 1905, misheni ya Yakobi, si mbali na Njombe, ilikuwepo tayari na ilishambuliwa. Baadaye Waanglikana wa Milo na Wakatoliki wa Lugarawa wakawa sehemu ya nchi kama ilivyo milima yake. Bibi yangu alibatizwa, alifunga ndoa kanisani, alijua rozari kuliko alivyojua njia ya sokoni. Msalaba haukuletwa kaburini kwake kutoka mbali. Ulikuwa wake, kama bakuli lilivyokuwa lake.

Anayetaka kuzisoma mila za Wapangwa kwa kina atakutana na vitabu viwili vya Hans Stirnimann, cha 1976 na cha 1979, vyote kwa Kijerumani. Ni kazi kubwa, na nashukuru zipo. Lakini namna hiyo ya kuandikwa imetuzoesha kudhani kwamba mila ni kitu kilichokwisha kukusanywa, kimekaa kabatini, na kila saruji iliyokuja baadaye ni uchafu juu yake. Shangazi hakusoma popote kwamba bakuli liwekwe. Alikuwa na mama yake, saruji na dakika ishirini kabla haijakauka.

Baada ya semina nilianza kutafuta mabakuli mengine. Sikulazimika kwenda mbali. Kunduchi, kaskazini mwa jiji hili, kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ya Waislamu wa pwani, ambayo waashi walipachika vyombo vya kaure kutoka China na Ulaya. Vingi vimebanduliwa na wezi. Kilichobaki ni duara tupu kwenye chokaa, duara baada ya duara, kama macho yaliyong'olewa. Vitabu hueleza vyombo vile kama alama ya utajiri na ya biashara ya Bahari ya Hindi, na sina sababu ya kubisha. Ila nilipokuwa nimesimama pale nikitazama zile duara, sikufikiria biashara. Nilifikiria kwamba kuna mwashi mwingine aliyewahi kupokea bakuli kutoka kwa ndugu wa marehemu, akaambiwa: "Hapa."

Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya swali ni gumu zaidi. Mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akifa hutengenezewa kigango, nguzo ya mti mgumu iliyochongwa nakshi za pembetatu, na roho yake huja kukaa hapo. Kigango kikishasimamishwa hakiguswi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki. Mchwa wakikila, wakile. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu baadaye viliibwa. Kwa kutumia picha ile, Udvardy na mwenzake Linda Giles walivigundua Marekani, kimoja kikiwa Illinois State University na kingine Hampton University. Vyote viwili vilirudishwa mwaka 2007. Vingine vingi bado viko kwenye makumbusho na sebule za watu, chini ya taa nzuri, vimepakwa dawa visioze.

Kuna nini kibaya kwenye ile dawa? Mhifadhi anaipaka kwa nia njema. Lakini kigango kilichozuiwa kuoza kimezuiwa kumaliza kazi yake. Sanamu ya makumbusho inatakiwa idumu. Sanamu ya kaburini inatakiwa idumu kadiri anavyokuwepo mtu wa kuja kuzungumza nayo. Hivyo ni vipimo viwili tofauti vya uzuri, na wahakiki wengi tunajua kimoja tu.

Saruji nayo imeshapelekwa makumbusho. Sunday Jack Akpan, mchongaji kutoka kusini-mashariki mwa Nigeria, amejulikana kwa sanamu za saruji zilizopakwa rangi, zenye ukubwa wa mtu, za machifu na watu wazito, ambazo asili yake ni kusimama kwenye makaburi. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Nimezitazama picha za sanamu zake na nimefurahi kwamba saruji, kitu tunachokidharau, ilipewa heshima. Lakini machifu waliokwenda Paris walisimama sakafuni, na chini yao hapakuwa na mtu.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema kaburi ni la mahali pake na asiguse mtu. Mchuchuma haikuniruhusu.

Chini ya ardhi yetu kuna makaa ya mawe. Takwimu inayotajwa na serikali ni tani milioni 428. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Kichina, Sichuan Hongda, kwa ajili ya makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mradi ukakwama, ukazungumzwa, ukakwama tena. Nilipokuwa sekondari tulikuwa tunaambiwa umeme na ajira viko njiani, na watu wakaacha kupanda miti kwa sababu hawakujua kama wataivuna. Mwaka 2023 wananchi walianza kulipwa fidia. Wengi waliusubiri mradi kwa hamu, nami siandiki kuupinga. Nchi inahitaji chuma, na vijana wa kwetu wamechoka kwenda kutafuta vibarua Makambako. Naandika kwa sababu kwenye ramani ambayo baba mkubwa aliinyooshea kidole, migomba ya bibi iko ndani ya mstari.

Basi ukoo ukakaa kuandaa barua yake, ili siku ikifika tusikutwe hatujajiandaa. Baba mkubwa akanipigia simu. Mimi ndiye mwenye elimu, niseme iandikweje. Alikuwa ameandika mstari mmoja: "Kaburi, moja, la saruji, lina msalaba."

Nikatafuta sheria. Ipo, ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na ndani yake nilikuta jambo ambalo sikulitegemea. Inapotaja gharama zinazofidiwa, haiishii kwenye kufukua, kusafirisha na kuzika upya. Inataja pia taratibu za kumtuliza marehemu na kumwomba radhi, zinazoambatana na kuhamishwa kwake. Miaka minane baada ya uhuru, sheria ya nchi ilikiri kwamba aliyekufa anaweza kuudhika, na kwamba kumtuliza kuna gharama. Nilimsomea baba mkubwa kwenye simu nikiwa nimefurahi kama mtu aliyeokota hela.

Yeye akanyamaza.

"Unataka niandike tambiko?" akauliza. "Mimi? Na paroko ataiona?"

Nilimwelewa. Barua ya ukoo haikai kwenye bahasha, inapita mikononi mwa watu. Mtu aliyeongoza jumuiya miaka kumi na tano hatoi sahihi yake kirahisi chini ya neno tambiko. Lakini nilijua pia kwamba siku ya msalaba alisimama hatua mbili kutoka kwenye bakuli na akaimba kwa nguvu kuliko wote. Anachokiweza kaburini hakiwezi kwenye karatasi. Nami ni hivyo hivyo. Nilishika ndoo bila wasiwasi, halafu mbele ya projekta nikasema ni mafundi. Kaburi lile linabeba kwa utulivu kitu ambacho sisi tulio hai hatuwezi kukisema bila kuangalia nani anasikiliza. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kazi nzuri, na ndiyo maana naliweka kaburi la bibi juu ya makaburi mengi ya kisasa.

Ukipita Makambako utayaona hayo ya kisasa, yenye marumaru, yanang'aa, na picha ya marehemu ndani ya kioo. Sitaki kuyacheka. Mengine yamejengewa paa la bati juu, na hapo naona wazo lile lile likiendelea kwa njia nyingine: marehemu amepewa nyumba, asinyeshewe. Lakini mengi yanazungumza na wapita njia kuliko yanavyozungumza na aliyelala. Yanasema familia hii ina uwezo. Hayana mahali ambapo mtu anaweza kuinama akaacha kitu.

Mwezi Novemba, Siku ya Marehemu Wote, nilikwenda nyumbani. Nilitaka kuokoa bakuli. Nilikuwa nimeongea na fundi mmoja Njombe anayekata zege kwa mashine, akaniambia inawezekana kukata kipande chote, msalaba, mfereji na bakuli, kikapakiwa kwenye lori bila kuvunjika. Nilimweleza shangazi mpango huo jikoni kwake. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza.

"Shikamoo zako zote, simu zako zote, kumbe ulikuwa unawaza bakuli," akasema.

"Si ndilo la bibi, shangazi?"

"Bakuli linauzwa sokoni, mwanangu. Litanunuliwa lingine. Wewe umeshamwambia kwamba anahama?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeongea na fundi, na mwalimu wangu, na sheria ya mwaka 1969. Bibi mwenyewe hakuna aliyempa habari.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nami nilikuwa nimeanza kupaka dawa ya kuzuia mchwa. Nilikuwa nimewalaumu wenye makumbusho kwa kuchukua nguzo na kuacha mazungumzo, kumbe lori langu lilikuwa linakwenda njia hiyo hiyo. Kwa shangazi, msalaba na mfereji na bakuli ni vifaa vya kusemezana. Vikivunjika vitatengenezwa vingine, kama mlango wa nyumba. Kisichotengenezeka ni kuhamishwa mtu bila kuambiwa.

Jioni tulikwenda kaburini, shangazi, baba mkubwa na mimi. Baba mkubwa aliongoza sala, tukasali rozari fungu moja. Shangazi akamimina togwa kwenye bakuli, juu ya maji ya mvua yaliyokuwemo. Kisha akaanza kumweleza bibi kwa Kipangwa, kwa sauti ile ile anayotumia kuongea na jirani: mstari wa kwenye ramani, makaa, fidia, watoto wanaosoma. Akamwambia bado hatujajua ni lini. Akamwomba asituchukie. Baba mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Aliposema "Amina" sikujua alikuwa anaijibu sala ipi, na sidhani kama alitaka nijue.

Tuliporudi aliiomba barua. Palipoandikwa "lina msalaba" akaongeza kwa mkono wake "na bakuli". Kwenye gharama aliandika "ibada ya kuhamisha". Shangazi, ambaye hasomi bila miwani, akauliza ameandika nini. Akasomewa.

"Ibada," akarudia. "Sawa. Yeye mwenyewe ataielewa."

Mwenzangu wa semina, samahani. Hapakuwa na kilichosahauliwa.